Kasoro ya Kumbukumbu Iliyoachiwa katika Draiva ya Mtandao

Draiva ya kadi ya mtandao haifanyi kazi kwa mstari mmoja ulionyooka. Fanksheni yake moja inapopokea fremu, nyingine inatuma, taima inahesabu sekunde, kazi iliyoahirishwa inangoja zamu kwenye foleni, na msimamizi wa mashine anaweza wakati huohuo kuamuru draiva iondolewe. Wote hao wanashika anwani ya kipande kimoja cha kumbukumbu, pale draiva inapoweka hali ya kifaa chake. Kipande hicho kikirudishwa kwa kerneli huku mmoja wao bado ana anwani mkononi, kasoro imeshazaliwa hata kama hakuna kilichoharibika. Mfano wake ni mpangaji aliyehama akaondoka na ufunguo. Akirudi usiku na kufungua mlango, huenda akakuta chumba kitupu kama alivyokiacha. Huenda akakuta familia nyingine imelala. Lugha ya C haina mlinzi wa kumuuliza anakwenda wapi.

Chumba kitupu ndicho kinachodanganya. Kumbukumbu ikishaachiwa, yaliyomo hayafutwi papo hapo. Kwa muda fulani namba karibu zote hubaki zilivyokuwa, na msimbo unaozisoma hupata majibu yanayoonekana sahihi. Ndiyo maana draiva inaweza kubeba kasoro hii kwa miaka mingi na kupita majaribio yote ya kawaida. Mpangaji mpya akishaingia, kerneli huanguka kwa kosa lisiloeleweka, mara nyingi mahali pasipohusiana kabisa na mtandao, au data ya mtu mwingine huandikwa juu kimyakimya. Na mtu mwenye nia mbaya akijua saa ambayo chumba kinakuwa wazi, anaweza kumchagua mpangaji yeye mwenyewe: anajaza pale data aliyoitunga ili draiva iifuate kama maagizo. Kwa sababu hiyo kasoro za aina hii hupewa mara nyingi namba za CVE, hata zile ambazo haziwezi kutokea bila mtu mwenye mamlaka ya juu kwenye mashine.

Katika Linux, kumbukumbu ya draiva ya Etherneti huanzia kwenye mwito wa alloc_etherdev. Mwito huo hutenga kipande kimoja chenye sehemu mbili. Mwanzoni unakaa muundo wa net_device, unaojulikana na kerneli nzima. Nyuma yake kuna eneo binafsi la draiva, ambalo anwani yake hupatikana kwa netdev_priv. Mwandishi wa draiva hulizoea eneo binafsi kama mali yake ya pekee, akasahau kwamba sehemu hizo mbili ziko chini ya paa moja: free_netdev ikiitwa, zote zinakwenda pamoja. Kutenga hufanywa katika probe, fanksheni inayoitwa kifaa kinapogunduliwa, kisha register_netdev hukitangaza kifaa. Njia ya kurudi ni remove: unregister_netdev hutangulia na free_netdev hufunga safari. Kati ya hizo mbili, ya kwanza ndiyo yenye kazi kubwa. Kama kifaa kimewashwa, hukizima kwa kuita ndo_stop ya draiva, kisha husubiri hadi sehemu nyingine za kerneli ziache kukishika. Aliyewahi kuona logi ikirudia kwamba unregister_netdevice inasubiri eth0 iwe huru, ameona kusubiri huko kukikwama. Lakini husubiri washikaji wanaohesabiwa tu. Taima na kazi ambazo draiva ilijianzishia yenyewe hazimo kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo mzigo unapomwangukia mwandishi wa draiva.

Aina nyepesi ya kasoro hii haihitaji hata mbio kati ya prosesa mbili, kwa sababu free_netdev imeandikwa juu mno ndani ya fanksheni. Draiva ya tlan, ya kadi za ThunderLAN za Texas Instruments, ilikuwa ikiita free_netdev, na mara baada yake ikaita cancel_work_sync kwa kazi iliyomo ndani ya eneo lilelile lililotoka kuachiwa. Draiva ya emac ya Qualcomm nayo iliachia kwanza, halafu ikasoma kutoka eneo binafsi anwani za rejista ilizotaka kuzifunga kwa iounmap. Zote mbili zilirekebishwa mwaka 2021 kwa kuhamishia free_netdev mwisho wa fanksheni. Kasoro kama hizi huonekana kwa macho, na pia kwa zana zinazosoma msimbo bila kuuendesha, kama Smatch na Coccinelle. Anayekabidhiwa draiva asiyoijua afungue kwanza remove, atafute free_netdev, kisha asome kila mstari ulio chini yake. Afanye vilevile kwa mistari ya kushindwa iliyo mwishoni mwa probe, ile inayorukiwa kwa goto, kwa sababu mistari hiyo huendeshwa kwa nadra na hakuna anayeijaribu. Ni kazi ya dakika chache.

Kasoro isipoonekana kwa macho, ushahidi hutafutwa kabla ya kiraka. Anguko la kerneli peke yake halitoshi, kwa kuwa linaeleza mahali mpangaji mpya alipoumia na halisemi chochote juu ya aliyerudi na ufunguo. Kerneli ikiwashwa na ukaguzi wa slub_debug wenye kuweka sumu, kumbukumbu inayoachiwa hujazwa baiti 0x6b, na rejista inayoonyesha 6b6b6b6b kwenye ripoti ya anguko ni karibu sawa na mtu kukiri. Chombo chenyewe hasa ni KASAN, kilichoingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 4.0 mwaka 2015. KASAN huweka baiti moja ya kivuli kwa kila baiti 8 za kumbukumbu, na kompaila huongeza ukaguzi wa kivuli hicho kabla ya kila kusoma na kuandika. Kipande kikiachiwa, kivuli chake hubadilishwa, nacho huwekwa karantini badala ya kugawiwa tena haraka, ili mwenye ufunguo wa zamani akirudi akamatwe chumba kikiwa bado kitupu. Gharama yake si ndogo: sehemu moja ya nane ya kumbukumbu hutumika kwa kivuli na kasi hushuka sana, kwa hiyo mahali pake ni mashine ya majaribio. Kwa mashine zilizo kazini kuna KFENCE, iliyoingia katika toleo la 5.12 mwaka 2021. Hiyo huchunguza vipande vichache tu vilivyookotwa kwa zamu. Inategemea bahati, lakini ni nyepesi kiasi cha kuachwa ikiwaka, na penye mashine nyingi bahati hiyo hujirudia.

Ripoti ya KASAN ina milolongo mitatu ya miito, na kuisoma vizuri ni nusu ya kazi. Mlolongo wa kwanza unamtaja aliyegusa kumbukumbu, wa pili aliyeitenga, wa tatu aliyeiachia. Anwani zilizomo hugeuzwa kuwa majina ya faili na namba za mistari kwa skripti ya decode_stacktrace.sh iliyomo ndani ya msimbo wa kerneli, mradi kerneli imekompailiwa pamoja na taarifa za utatuzi. Wanaoanza hukimbilia mlolongo wa kwanza, kwa sababu ndiko kosa lilikoonekana, wakaongeza ukaguzi mdogo pale na kuridhika. Mguso wenyewe kwa kawaida hauna hatia: fanksheni ile imefanya kazi yake kama siku zote. Jambo la kuulizwa liko kwenye mlolongo wa tatu, nalo ni hili: aliyeachia alikuwa na uhakika gani kwamba hakuna mwingine mwenye anwani? Jibu la swali hilo ndilo kiraka. Ripoti za matoleo ya karibuni huongeza msaada mwingine kwa kuonyesha nani aliiandika kazi kwenye foleni. Bila habari hiyo mlolongo wa kwanza huishia kwenye uzi wa kworker, usiosema nani aliutuma.

Aina nzito ni hiyo ya kazi iliyoahirishwa, na draiva ya ravb ni somo zuri. Draiva hiyo huendesha Etherneti ya chipu za Renesas, zikiwamo za R-Car zinazotumika kwenye magari. Kerneli ina mlinzi anayekagua kama pakiti zinatoka. Foleni ya kutuma ikisimama kupita muda uliowekwa, ambao ni sekunde 5 kama draiva haikuweka mwingine, mlinzi huita ndo_tx_timeout. Mwito huo hutoka ndani ya taima, mahali ambapo msimbo hauruhusiwi kulala, ilhali kuiwasha kadi upya kunahitaji kusubiri. Basi ravb_tx_timeout huandika kazi kwenye foleni kwa schedule_work na kuondoka. Uzi mwingine utaichukua baadaye na kuendesha ravb_tx_timeout_work. Sumu imo kwenye hilo "baadaye". Kati ya kuandikwa na kuendeshwa, prosesa ya pili inaweza kuwa inapita katika ravb_remove: unregister_netdev, halafu free_netdev. Kazi inapofikiwa na zamu yake, inakwenda kusoma eneo binafsi ambalo halipo tena.

Tiba iliyoingia mwaka 2023 ni mwito mmoja wa cancel_work_sync, uliowekwa katika fanksheni ya kuzima kifaa. Mwito huo hufanya mambo mawili: kazi ikiwa bado inangoja, huiondoa kwenye foleni, ikiwa imeshaanza kuendeshwa, husubiri hadi imalize. Mahali ulipowekwa pana maana kuliko mwito wenyewe. Kabla yake phy_stop imeshaitwa, na phy_stop hukiweka kifaa katika hali ya kukosa waya, hali ambayo mlinzi wa kerneli akiiona haiti tena ndo_tx_timeout. Kwa hiyo kazi inapofutwa hakuna aliyebaki wa kuiandika upya. Mpangilio ungegeuzwa, kazi ingefutwa kwanza na phy_stop ikafuata, pangebaki upenyo mwembamba wa mlinzi kuiandika tena. Kufuta kazi kabla ya kumnyamazisha anayeiandika ni kufagia uwanja huku upepo unavuma.

Tiba hii ina mtego wake, nao umewanasa wengi. Fanksheni ya ndo_stop huitwa wakati kufuli kuu la mtandao, RTNL, limeshikwa. Ikiwa kazi iliyoahirishwa nayo hulichukua kufuli hilo kwa rtnl_lock, basi anayefuta anaisubiri kazi, na kazi inasubiri kufuli lililo mkononi mwa anayefuta. Wawili hao watasubiriana mpaka mashine izimwe kwa nguvu, na kasoro iliyotokea mara moja kwa mwezi imebadilishwa kuwa mkwamo. Ravb ilipohitaji kulinda kazi yake kwa RTNL, kiraka kilichofuata kilitumia rtnl_trylock: kazi ikikosa kufuli, inalala milisekunde moja au mbili, inajiandika upya kwenye foleni na kuondoka. Cancel_work_sync imeundwa kuikubali kazi inayojiandika yenyewe, kwa hiyo mzunguko huo hukatika salama. Njia nyingine ni kuita cancel_work_sync katika remove, baada ya unregister_netdev kurudi na RTNL kuachiwa, kabla ya free_netdev. Ni nzuri pale kazi inapovumilia kukuta kifaa kimezimwa. Isipovumilia, imehamisha tatizo tu.

Emac ya Qualcomm inaonyesha kwamba kurekebisha aina moja si kinga ya nyingine. Fanksheni ileile ya emac_remove iliyopangwa upya mwaka 2021 ilirudiwa mwaka 2023, mara hii kwa sababu ya kazi iliyoahirishwa. Kazi hiyo iliweza kuandikwa na mlinzi wa kutuma au na fanksheni inayopokea ishara za kukatiza kutoka kwenye kadi. Hivyo haikutosha kuongeza cancel_work_sync. Ilibidi foleni ya kutuma ifungwe na ishara za kukatiza ziachiwe kwa free_irq kwanza. Anayerekebisha draiva hana budi kuorodhesha kila anayeandika kazi, kwa kutafuta jina la kazi hiyo katika faili zote za draiva. Akimpata mmoja asiishie hapo.

Taima zina tabia ya namna hiyohiyo na ujanja zaidi kidogo. Kwa miaka mingi kulikuwa na del_timer, iliyoondoa taima isiyoanza kulia, na del_timer_sync, iliyosubiri pia ile inayolia kwenye prosesa nyingine. Kosa la kutumia ya kwanza mahali pa ya pili ni la kale na bado lipo. Gumu zaidi ni taima inayoandika kazi na kazi inayowasha taima: ukifuta taima, kazi inaiwasha, ukifuta kazi, taima inaiandika. Mzunguko kama huo ulivunjwa kwa bendera za kila aina hadi toleo la 6.2, la mwaka 2023, lilipoleta timer_shutdown_sync, ambayo huua taima moja kwa moja na kupuuza kila jaribio la kuiwasha tena. Taima ikishauawa hivyo, cancel_work_sync humalizia upande wa pili.

Kwa ishara za kukatiza, mtego mkubwa wa siku hizi umetokana na kitu kizuri. Familia ya miito inayoanza na devm_ humpunguzia mwandishi kazi ya kusafisha: kinachoombwa kwa devm_request_irq hurudishwa chenyewe kifaa kinapoondolewa. Kinarudishwa, ila baada ya remove kumaliza. Draiva iliyoomba ishara kwa devm_request_irq lakini ikaachia kumbukumbu kwa free_netdev ndani ya remove imeacha mlango wazi, kwa sababu kati ya mwisho wa remove na kurudishwa kwa ishara, kadi ikipiga kelele fanksheni ya kuipokea itaitwa na kupewa anwani ya marehemu. Ama vyote vishikwe na devm, kwa kutumia devm_alloc_etherdev, nayo huviachia kwa mpangilio wa kinyume na ulivyoombwa, ama vyote viachiwe kwa mkono. Kuchanganya ndiko kunakoua. Upokeaji wa fremu kwa NAPI nao husimamishwa kwa napi_disable, inayosubiri duru iliyo kazini, kabla ya kuachia pete za maelezo ya pakiti.

Kuna mgusaji mmoja ambaye KASAN haimwoni hata kidogo, naye ni kadi yenyewe. Kadi huandika fremu zinazoingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu kwa DMA, bila kupitia prosesa, na ukaguzi uliopandwa na kompaila haumhusu. Draiva ikiachia bafa za kupokelea kabla ya kuiamuru kadi isimame, na kusubiri hadi isimame kweli, fremu itakayofika nusu sekunde baadaye itaandikwa juu ya kitu cha mtu mwingine. Dalili yake ni uharibifu unaofanana na vichwa vya Etherneti ukionekana ndani ya data isiyohusika: baiti 6 za anwani ya MAC, nyingine 6, kisha 0800. Mashine yenye IOMMU iliyowashwa humkamata mvamizi huyo ikiwa bafa zimeshafutiwa ramani, na kuacha ujumbe kwenye logi. Isiyo nayo humwacha apite.

Upande wa pakiti una kasoro zake ndogondogo, na hizi hutokea draiva ikiwa kazini, bila mtu kuiondoa. Pakiti ndani ya kerneli ni muundo wa sk_buff, na umiliki wake hupita mkono kwa mkono. Draiva ikiikabidhi kwa netif_rx au napi_gro_receive, si yake tena. Prosesa nyingine inaweza kuwa imeisoma na kuiachia kabla ya mstari unaofuata. Mwanzoni mwa 2021 draiva kadhaa za mtandao wa CAN, vxcan na peak_usb zikiwamo, zilirekebishwa kwa kosa hilohilo: baada ya kukabidhi, zilisoma urefu wa fremu ili kuongeza takwimu za baiti. Tiba ni kuusoma urefu kwanza, kuuweka kwenye kigeu cha kawaida, kisha kukabidhi. Upande wa kutuma hali ni hiyohiyo. Draiva ikishaiarifu kadi kwamba kuna pakiti mpya, ishara ya kumaliza kutuma inaweza kufika kwenye prosesa nyingine na pakiti ikaachiwa, ilhali ndo_start_xmit bado haijarudi. Hesabu zote zinazohitaji skb->len zifanywe kabla ya kuiarifu kadi. Kuna pia kosa la kuachia pakiti halafu kurudisha NETDEV_TX_BUSY: jibu hilo linamwambia aliyetuma aishike pakiti na kujaribu tena, naye atajaribu tena na maiti.

Pale ambapo wasomaji hupitia orodha bila kushika kufuli, kwa utaratibu wa RCU, kukiondoa kitu kwenye orodha hakumwondoi msomaji aliyekwisha kukifikia. Kuachia kunapaswa kusubiri, kwa synchronize_net au kfree_rcu. Moduli iliyotumia call_rcu iite rcu_barrier kabla ya kuondoka, la sivyo fanksheni itakayoitwa baadaye itakuta msimbo wenyewe umeng'olewa.

Dawa za uongo zina soko kubwa, na inafaa zitajwe kwa majina. Ya kwanza ni kuweka NULL kwenye kielekezi baada ya kuachia. Hiyo hufuta nakala moja. Mgusaji ana nakala yake, na fanksheni ya kazi haitumii hata kielekezi hicho, maana huipata anwani ya eneo binafsi kwa kupiga hesabu ya container_of kutoka kwenye anwani ya kazi yenyewe. Ya pili ni bendera ya "ninaondoka" inayokaguliwa mwanzoni mwa kazi. Kati ya kukagua na kutumia kuna upenyo, na kichekesho ni kwamba mara nyingi bendera yenyewe imewekwa ndani ya eneo binafsi, hivyo kuikagua ni kugusa kumbukumbu iliyoachiwa. Bendera ina nafasi yake ya kuzuia kazi mpya isiandikwe, lakini haiwezi kuisubiri iliyoanza. Ya tatu ni msleep kabla ya free_netdev. Huifanya kasoro iwe nadra zaidi, yaani ngumu zaidi kupatikana, na anayeikuta kwenye msimbo wa watu ajue kuwa mtu aliwahi kupita hapo akiwa amechoka. Ya nne ni kutoachia kabisa, ambako hugeuza kasoro kuwa uvujaji. Kinachoponya ni kusubiri kwa uhakika, kwa miito ya _sync, au kuhesabu washikaji ili wa mwisho ndiye aachie.

Kiraka kikishaandikwa, kithibitishwe kwa mbio zilezile zilizoleta kasoro. Mashine ya majaribio ikompailiwe na KASAN, pamoja na DEBUG_OBJECTS_FREE na ndugu zake wa taima na kazi, wanaolalamika kitu kinapoachiwa kikiwa bado hai hata kama hakuna aliyekigusa. PROVE_LOCKING iwashwe ili kuukamata mkwamo wa RTNL kabla haujatokea. Chaguo la DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE hufanya kila draiva iondolewe na kurudishwa wakati wa kuwaka. Ni kali, na mashine nyingi haziwaki nalo hadi mwisho, jambo ambalo lenyewe ni habari. Kisha draiva ing'olewe na kurudishwa mamia ya mara kwa kuandika kwenye faili za unbind na bind zilizo chini ya /sys, huku iperf3 ikijaza waya. Upenyo ukiwa mwembamba mno, upanuliwe kwa muda: msleep ya sekunde kadhaa mwanzoni mwa fanksheni ya kazi huifanya mbio ya mara moja kwa mwezi itokee kila jaribio. Kwanza kasoro ionekane kiraka kikiwa hakipo, kisha itoweke kikiwapo na msleep ikiwa palepale. Jaribio lililofanywa upande mmoja tu halithibitishi kitu.

Kiraka cha kasoro kiwe kidogo na kisichanganywe na usafi wa msimbo, kwa sababu kitarudishwa kwenye matoleo ya zamani yanayotunzwa, ambako msimbo wa jirani ni tofauti. Maelezo yake yaonyeshe prosesa mbili kwa safu mbili, mstari kwa mstari, nani aliachia na nani alifika baadaye. Wahakiki wa mtandao wamezoea kusoma hivyo na hukubali haraka. Kichwa cha ujumbe kitaje mti wa net, ulio wa marekebisho, na kisitaje net-next. Skripti ya get_maintainer.pl itatoa majina ya wa kupelekewa. Mstari wa Fixes utaje badiliko lililoleta kasoro, kwa herufi 12 za mwanzo za utambulisho wake na kichwa chake, baada ya kulitafuta kwa git blame hadi chanzo chenyewe. Kwa ravb, kiraka cha mwaka 2023 kilitaja badiliko la mwaka 2015, lile lililoiingiza draiva yenyewe kwenye kerneli.